Niliyoyaona Kwenye Ufa wa Bani

Jumatano, jioni. Mvua imekatika sasa hivi tu. Nje kila kitu kinadondosha maji, na mikono yangu ni ya baridi ingawa nimeshika kikombe cha chai ya moto. Nimefunga komeo la mlango, nikalifungua, nikalifunga tena ili nilisikie likiingia.

Naogopa. Nianze na hilo, kwa sababu nikilizunguka nitaandika mambo yote isipokuwa hilo.

Wanaosoma hapa wananijua kama karani tu, na ibaki hivyo. Ni ofisi ya kata moja kati ya Kasulu na Kibondo, na majina ya watu nimeyabadilisha. Anayezijua njia zetu asinitafute. Asiyezijua hajapoteza kitu.

Jambo lenyewe ni kikundi. Ukishuka kutoka ofisini kuelekea bondeni kuna bani la zamani, lile banda refu la matofali la kukaushia tumbaku. Halina dirisha hata moja. Mwenye bani aliacha tumbaku akahamia kwenye maharage, likabaki tupu. Tangu mvua zianze, watu wamekuwa wakiingia humo alasiri, wakitoka shamba.

Mkutano wa wazee naujua. Kwaya naijua, kikundi cha kuweka na kukopa nakijua, timu ya mpira naijua. Lakini bibi mwenye mkongojo, mama anayenyonyesha, kijana wa bodaboda na mtoto mwenye sare ya shule, wote wapite mlango mmoja kisha mlango ufungwe? Hicho sikuwa na jina lake. Na mimi kitu kisicho na jina hunikosesha raha. Labda ndiyo maana nikawa karani.

Wengi wao ni wa familia zilizotoka Burundi zamani. Ni raia, wanalima, wanauza sokoni, Jumapili tunabanana nao benchi moja kanisani. Nayaandika haya kwa sababu nayajua yanayosemwa mtu mmoja wao akikosea. Hukosea mmoja, husemwa wote, na neno linalotumika ni "wakimbizi", hata kwa mtoto ambaye bibi yake tu ndiye aliyevuka mpaka.

Aliyenitia shaka ya kwanza ni mwenye nyumba wangu, Mama Zainabu. Ana duka la vitenge sokoni, watu wake ni wa Ujiji, na Kiswahili chake humfanya mtu ajione hajaenda shule. Alikuwa anakunja vitenge, wala hakuinua macho. "Mwanangu, watu hawana msiba, hawana harusi, chai yenyewe hawanywi. Sasa wanakaa kwa lipi?"

Nilicheka. Kisha swali likaja nami nyumbani.

Jumatatu nilikwenda kuchukua sketi yangu kwa Mama Butoyi, fundi cherehani. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa turubai. Jirani yake alinielekeza kwa mdomo: bani. Nikiwa njiani mvua ikanikamata, nikajibanza chini ya paa la bani. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Mtendaji wa kata, bosi wangu, na ni kweli. Nilichoacha kumwambia ni kwamba paa lina pande nne, na mimi nilichagua upande wenye ufa.

Nikachungulia.

Ndani kulikuwa na kiza, mwanga ukiingia kwa juu tu, pale bati lilipofumuka. Watu wameketi chini, wakubwa na wadogo wamechanganyika, kimya. Mbele yao, juu ya kigoda, ameketi Jeneroza, mjukuu wa Bibi Spesioza, mtoto wa darasa la sita. Amejitanda kitenge mabegani na ameinamisha macho kwenye mapaja yake.

Akaja Mzee Bukuru. Huyu ni mtu ambaye akipita, hata Mtendaji husimamisha pikipiki. Akasogea polepole, akainama mbele ya yule mtoto, akaanza kupiga makofi. Yale ya chini, ya viganja vilivyokunjwa kidogo.

Mgeni angepita zake. Angesema mzee anapiga makofi, basi. Mimi ni Muha wa Kibondo mjini. Baba alikuwa mwalimu, nyumbani tuliongea Kiswahili, na Kiha changu ni cha kusikia kuliko kusema. Lakini makofi nilifundishwa na bibi kabla sijajua kutamka jina langu. Kwetu mdogo ndiye humpigia mkubwa. Mtoto humpigia baba, mke humpigia mama mkwe. Katika maisha yangu sijaona mzee wa mvi akimwinamia mtoto wa shule na kumpigia, tena mtoto hajibu, hata macho hainui.

Mtoto akasema neno. Mvua ilikuwa inapiga bati, sikulisikia. Mzee akarudi nyuma hadi ukutani, akageuka, akaja tena. Akainama. Akapiga.



Niliondoka bila sketi, nikalowa. Njiani nikakijaza kile kimya kwa kila nilichowahi kusikia: vikundi vya maombi vinavyofunga milango, watoto wanaotangazwa kuwa na maono, watu wanaouza mbuzi wao wakisubiri mwisho wa dunia. Nikawaza pia ndoa, kwamba labda wanamzoesha mtoto kukaa mbele ya ukoo wa mume. Kila wazo lilikuwa baya kuliko lililotangulia, na kila moja lilionekana kuwa na ushahidi.

Jumanne asubuhi nilimwambia Mtendaji. Si mtu mbaya. Naye ana watu juu yake huko wilayani, na simu ikiita husimama kwanza ndipo apokee. Nilimwambia, "Wanamsujudia mtoto."

Sikusema nadhani. Sikusema nimechungulia. Nilisema wanamsujudia, kwa sauti ya mtu aliyeona.

Akafunga mlango wake wa ndani, akasema hataki kusikia jambo la kata yake redioni kabla hajalisikia mezani kwake. Alhamisi alasiri mgambo wataingia bani watu wote wakiwa ndani, na watakaowakuta watakwenda nao kituoni kujieleza. Mimi niende Jumatano kwanza, niangalie wako wangapi na kiongozi ni nani. "Wewe Muha, lugha mnaelewana. Watakufungulia."

Kisha, kama aliyekumbuka tu, akataja mkataba wangu, kwamba unakaribia kwisha na yeye ndiye atakayenipendekeza. Labda hakukusudia kitu. Labda.

Kwa hiyo leo nilikwenda.

Walinifungulia, ni kweli. Na nilipoingia, wote wakanyamaza kwa pamoja, kama redio iliyozimwa. Nilisema "Mwiriwe", wakaitikia, lakini kuitikia kwao kulikuwa kwa midomo tu. Mtoto mmoja alisukumwa nyuma ya mama yake. Na Bibi Spesioza, aliyekuwa karibu na kigoda, alinyoosha mkono taratibu, akachukua kitu kilichokuwa juu ya kigoda, akakifunika kwa kitenge chake.

Nilikiona. Nina macho ya karani.

Kilikuwa kipande cha muhogo, kimekatwa mviringo, upande mmoja umetiwa masizi. Na kwenye ukuta wa bani, karibu na kichwa cha bibi, kulikuwa na alama nyeusi za duara, moja, nyingine, nyingine, kama za mtu aliyekuwa akijaribu.

Muhuri.

Mtoto wa maono nilikuwa nimeshamsahau. Watu wa asili ya Burundi, banda lisilo na dirisha, na muhuri wa kughushi. Hilo hata mgambo mwenye usingizi angelielewa.

Nilikaa, nikauliza kiongozi ni nani. Wakatazamana. Mama Butoyi akasema, "Leo ni huyu," akamwonesha Jeneroza. Nikauliza, na jana? Jana alikuwa Mzee Bukuru. Na kesho? "Kesho hatujui bado, dada karani. Itategemea nani kabanwa na nini."

Nikauliza mwenyekiti. Hakuna. Katibu. Hakuna. Nikahisi ninadanganywa. Watu hawakutani hivi hivi bila mwenyekiti. Hata wanywa pombe wana mwenyekiti.

Ndipo wakaanza kunieleza, mmoja akianza na mwingine akimalizia, na mimi nikisikiliza kama ninavyosikiliza mtu anayesema cheti kililiwa na panya. Walisema mtu akikwama na jambo huja nalo bani. Anayelijua hukaa kigodani. Siku hiyo yeye ndiye mkubwa, awe na meno au hana, na wengine wote ni watoto wake, wanampigia makofi kama wanavyompigia mzee. Siku wanapofunzwa kuvuta nyuki kwenye mzinga mpya, mkubwa ni Mzee Bukuru. Siku ya kupima na kukata sare, ni Mama Butoyi. Siku ya kutambua ujumbe wa kitapeli kwenye simu, alikaa mtoto wa darasa la nne, na baba yake mzazi akampigia.

Kijana mmoja, dereva wa bodaboda, akasema kwamba siku yake ya kwanza kukaa kigodani, ya kuziba pancha, alishindwa kuongea. "Bibi alinipigia makofi, nikataka kukimbia." Wakacheka kidogo. Wakanitazama kama nimecheka.

Sikuwa nimecheka. Nilikuwa natazama kitenge cha bibi.

Nikauliza, kwa sauti ninayoitumia kazini, mtoto anawafundisha nini leo.

Jeneroza akatazama chini. Bibi yake akasema kitu kwa Kiha cha haraka, nikakamata neno moja tu, "usimwambie". Nikasema moyoni, sasa tumefika.

Ni Mzee Bukuru aliyenyanyuka. Akamwambia Jeneroza, "Mwoneshe tu, mama. Ameshaona nusu. Akiondoka na nusu, nusu nyingine ataitengeneza mwenyewe."

Sijui alijuaje.

Jeneroza akaenda kukaa kigodani kama mtu anayekwenda kuchapwa. Bibi akatoa kile kipande cha muhogo kwenye kitenge, akamwekea mtoto mapajani. Mtoto akajitanda mabegani. Akainamisha macho. Na hapo, kabla hajasema neno, nikaijua ile mikono, ule uinamaji wa shingo, na ile namna ya kuvuta nguo kama mtu mwenye baridi ya ndani.

Mzee Bukuru akaja, akainama, akapiga makofi. Akasema amekuja kujiandikisha kwa ajili ya mbolea ya ruzuku.

Mtoto hakumtazama. Aligeuza kichwa kushoto, akatazama ukutani, mahali ambapo ofisini kwetu kuna mlango wa ndani, wa Mtendaji. Akautazama kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Mtandao unasumbua. Njoo kesho."

Hiyo ni sauti yangu. Sentensi ni yangu. Kule kutazama mlango ni kwangu.

Mzee akapiga makofi ya shukrani na kurudi nyuma. Jeneroza akasahau kuwa mimi nipo. Akawa mwalimu kabisa. "Hapana, babu. Umeondoka tena. Rudi ukutani. Ukiambiwa njoo kesho, unasema nini?"

Mzee akarudi ukutani, akaja tena, akainama, akasema kwa shida ya mtu asiyezoea kumjibu mkubwa, "Kesho saa ngapi? Na nimwone nani?"

"Ndiyo hivyo," mtoto akasema. "Saa ngapi, na nani. Ndipo uondoke."

Bani lote likarudia kwa sauti ya chini. Saa ngapi, na nani. Mama Butoyi, bodaboda, watoto. Kisha mama mmoja akauliza, kama wanafunzi wanavyouliza, kwa nini karani hutazama mlango kwanza, ni dharau?

Jeneroza akajibu bila kunitazama. "Si dharau. Anamwogopa aliye ndani. Kwa hiyo msimpigie sana, mtamwogopesha zaidi. Msalimieni, mwambieni shida, msubiri."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Naandika hapa nikiwa mkweli kadiri ninavyoweza: jambo la kwanza nililohisi halikuwa aibu. Lilikuwa shaka. Nilijiuliza kama wamelipanga hili baada ya kuniona ufani Jumatatu. Kama mtoto amefundishwa kusema vile ili nilainike. Kama muhogo ule hutumika jioni kwa kazi nyingine nikishaondoka. Nilimtazama bibi, nikatazama alama za ukutani, na ukweli ni kwamba zilikuwa duara tupu. Hazina herufi, hazina nembo. Mtu hawezi kughushi kitu kwa duara tupu. Najua. Na bado nilihesabu njia ambazo labda angeweza.

Hivi ndivyo kichwa changu kilivyo. Sijui nani alikikalisha kigodani.

Niliwaambia muhogo ule wautupe. Nikanyoosha mkono, nikasema nipeni mimi. Nilikuwa nawaza kesho, mgambo, na mtu mwenye tochi akiinua kitu kile mbele ya wenzake. Lakini sikuweza kuwaambia kuhusu kesho. Siri ya ofisi, na mkataba, na mlango wa ndani. Kwa hiyo walichoona ni karani aliyekuja kuuliza kiongozi ni nani, na sasa anataka kuondoka na kitu mkononi.

Hakuna aliyenipa.

Bibi Spesioza alinitazama muda mrefu. Macho yake nayajua, ndiyo niliyokuwa nayo mimi ufani. Akasema kwa upole, "Mwanangu, sisi tumeshachukuliwa vitu na watu wenye sauti nzuri." Akakifunika tena kwa kitenge.

Nilitoka. Mama Butoyi akanifuata na sketi yangu, imekunjwa vizuri, akanipa bila kuuliza nilikuja kwa lipi.

Nilipanda kilima hadi ofisini karibu nikikimbia. Mtendaji alikuwa anavaa koti la mvua, pikipiki inanguruma. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na nilipomfikia yote yakaondoka. Nikatazama mlango wake wa ndani. Umefungwa, hakuna mtu, mwenyewe yuko mbele yangu amelowa, na mimi bado nautazama mlango.

Nikasema nilikosea. Nikasema hawamsujudii mtu, wanafundishana. Wazee na watoto, zamu kwa zamu, namna ya kuongea ofisini. Nilimwambia na habari ya muhogo, muhuri wao wa kuigizia, kwa sababu akiusikia kwangu ni mchezo, akiusikia kwa mgambo ni kesi. Sikumwambia ofisi wanayoiigiza ni ya nani.

Alinitazama kwa ile shaka ambayo mimi mwenyewe nilimpa jana asubuhi. Akauliza wamenilisha nini. Akauliza mwalimu wao ana cheti gani, wamesajiliwa wapi, nani anawalipa. Maswali yote ni ya haki, yanafanana na niliyouliza mimi. Nikajibu mwalimu hubadilika kila siku, nikasikia lilivyosikika, kama jibu la mtu anayeficha.

Akasema mambo hayo si ya kuongea mvuani. Akakaa sawa kwenye pikipiki. "Tutaona kesho."

Nilikuwa nimeshaanza kurudi nyuma. Hatua moja, kama Mzee Bukuru. Mkono wangu mmoja ulikuwa umeshapanda kuupokea mwenzake kwa makofi.

Kisha nikajisikia nikisema, "Kesho saa ngapi, Mtendaji? Na nikuone wewe, au nani?"

Aligeuka. Sidhani kama nimewahi kumuuliza swali tangu nije. Alizima pikipiki, akatafuta jibu, na nikaona kwamba hakuwa nalo. Ile "kesho" yake ilikuwa kama zile zangu.

"Saa mbili," akasema mwishowe. "Mimi. Kabla sijaongea na mgambo. Uje na maelezo yanayoeleweka."

Sijui kama nitaeleweka. Sijui kama bibi ameuchoma ule muhogo au ameuficha mahali pabaya zaidi, kwa sababu yangu. Nikishindwa saa mbili, alasiri watatolewa bani mmoja mmoja mbele ya soko, Jeneroza akiwa na sare yake, na Mama Zainabu atasema aliniambia. Wala mkataba sijausahau. Nimeukumbuka katika kila aya niliyoandika.

Nimejaribu kulala mapema, nikaamka, nikasimama mbele ya ukuta wa chumba changu na kusema maelezo yangu kwa sauti ya chini. Nilipokosea nilirudi mlangoni nikaanza upya.

Kila siku nawaambia watu kesho bila kufikiri ni kitu gani ninachowapa. Yangu ina saa. Saa mbili asubuhi, mlango wa ndani, na safari hii ni mimi nitakayebisha.